Hati ya Sikio Safi

Jina la nchi hiyo tuliache lilipo, maana wenyewe hawapendi litamkwe na watu wasio na kibali. Itoshe kusema ilikuwa nchi njema. Bei za vitu zilikuwa zimekatazwa kupanda, na wananchi wote walikuwa na furaha kwa mujibu wa tangazo. Basi mwaka mmoja mvua ikakataa kunyesha, unga ukaadimika, na Serikali ikajifungia siku tatu kutafakari shida ya wananchi. Siku ya tatu ikatoka na jibu. Shida ilikuwa muziki.

Si muziki wote. Taarabu iliachwa, kwa sababu mke wa Waziri aliipenda. Kwaya ziliachwa. Shida ilikuwa huu wa kufokafoka, ambao vijana husema maneno mengi kwa haraka kama watu wanaokimbizwa. Ilionekana kwamba baadhi ya maneno hayo si ya adabu, na wazazi, maskini, hawayajui. Hapo hapo ikaundwa Wizara ya Masikio na Malezi, nayo ikatunga Sheria ya Kumsaidia Mzazi, yenye vifungu mia moja na arobaini, kila kifungu kikimsaidia mzazi kwa adhabu yake.

Mama mmoja aitwaye Sikudhani alisaidiwa siku ya Jumatatu.

Alikuwa msusi. Alisuka nywele za watu kwenye baraza ya nyumba yake ya chumba na ukumbi, mtaa wa Mawe Mawili. Shule aliishia darasa la nne. Kusoma alijua, ila polepole, kidole kikitangulia, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wateja walizoea kumwambia, "Rudia, shoga, umesema na nani?" Alikuwa na binti wa miaka kumi na tatu, Mwantumu, ambaye alikuwa wa kwanza darasani tangu darasa la pili, na Jumatano ya wiki iliyofuata angefanya mtihani wa kumaliza darasa la saba. Sikudhani hakuwa na jambo jingine alilolitaka duniani zaidi ya mtihani huo.

Jumatatu hiyo Mwantumu alirudi nyumbani mapema, na barua mkononi.

"Wamenizuilia namba ya mtihani," alisema.

"Umefanya nini?"

"Nilikuwa nafagia."

Ni kweli alikuwa anafagia. Lakini siku hizo kila shule ilikuwa na Mwalimu wa Masikio, ambaye kazi yake ilikuwa kuwanyatia watoto kwa nyuma wanapofagia, asikilize wanaimba nini. Mwantumu alikuwa anaimba wimbo wa Binti Msasa. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho, akaomba urudiwe apate kuandika vizuri, kisha akaandika barua. Barua ilisema mtoto hataingia chumba cha mtihani mpaka mzazi wake aonyeshe Hati ya Sikio Safi, inayothibitisha kwamba mzazi ameusikiliza wimbo huo, ameutambua uchafu uliomo, na ameukana mbele ya Bodi ya Wizara.

Sikudhani aliisoma barua mara mbili. Alipofika kwenye jina la wimbo, kidole chake kilisimama.

"Huo?" aliuliza.

"Huo, mama."

Hakumgombeza. Alikwenda ndani, akakaa kitandani.

Wimbo wenyewe aliujua, ila hakuwahi kuusikia mpaka mwisho. Binti Msasa alikuwa msichana wa mtaa huo huo, aliyesoma pamoja na Siwema, mtoto wa kwanza wa Sikudhani. Miaka miwili nyuma Siwema alikwenda kujifungua kwenye Hospitali Kuu ya Ushindi, akiwa na miaka ishirini. Hakurudi, wala mtoto hakurudi. Sasa, katika hospitali ile wazazi, yaani wanawake waliokuja kujifungua, walikuwa hawafi, kwa sababu Waziri wa Afya alikwisha tangaza kwamba hawafi, na tangu siku ile hakufa hata mmoja. Walikuwa wanahamishwa. Kwenye daftari la wodi palikuwa na safu iliyoandikwa "Amehamishiwa", na chini yake karani alijaza "kwingine". Sikudhani alikabidhiwa mwili wa mwanawe pamoja na barua ya uhamisho. Rafiki yake Siwema akaenda akatunga wimbo. Kila ulipopigwa, Sikudhani alikuwa anaondoka, au anauzima, kabla haujafika pale.

*

Alhamisi wazazi wote wa mtaa waliitwa kwenye semina, wafundishwe kutambua maneno machafu. Waziri wa Masikio mwenyewe alikuja. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nzuri, na alizungumza saa mbili.

"Ndugu wazazi," alisema, "adui hakuingia kwa mlango. Hakuingia kwa dirisha. Adui ameingia kwa matundu mawili yaliyo pembeni mwa kichwa, na Serikali yenu sikivu imeyaona matundu hayo."

Watu walipiga makofi, kwa kuwa askari nao walipiga.

Kila mzazi aligawiwa kitabu cha Mwongozo. Kilikuwa na kurasa sitini na orodha ya maneno yote machafu pamoja na maana zake. Lakini Wizara isingeweza kuchapa maneno machafu, kwa sababu ni kosa, hivyo yote yalikuwa yamefutwa kwa wino mweusi, na maana zake pia.

Mama Kidawa, jirani yake Sikudhani na mteja wake wa kila mwezi, alinyanyua mkono. Huyu alikuwa mwanamke wa kuuliza.

"Mheshimiwa, hapa kwangu pameandikwa, 'Mtoto wako akisema', halafu weusi, 'fahamu kwamba anamaanisha', halafu weusi. Sasa nimtambueje?"

"Swali zuri," alisema Waziri. "Ukiona weusi, fahamu hapo pana ubaya. Weusi ukiwa mrefu, ubaya ni mkubwa."

"Ukurasa wa kumi na mbili ni mweusi wote."

"Huo usiusome ukiwa peke yako."

Baada ya semina gari la Wizara lilizunguka mitaani na vipaza sauti vinne, likipiga nyimbo zilizokatazwa, moja baada ya nyingine, ili wazazi wazijue. Kabla ya kila wimbo mtangazaji alisema, "Ufuatao msiusikilize." Watoto walilifuata gari hadi mwisho wa mtaa. Wale ambao hawakuwa na simu walishukuru sana.

*

Fomu ya kuombea hati ilidai wimbo usikilizwe nyumbani mara tatu, mbele ya shahidi mtu mzima, na mzazi apige mstari chini ya maneno machafu. Mama Kidawa alikubali kuwa shahidi, mradi asukwe huku wakisikiliza, kwa kuwa Jumamosi alikuwa na harusi. Alikaa kwenye mkeka, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya Sikudhani, simu ya Mwantumu ikiwa kwenye kigoda.

Wimbo ukaanza. Ngoma ilikuwa nzito, na sauti ya Binti Msasa kavu, haina haraka.

*Mganga mkuu, matako yamejaa kiti,*
*kaenda semina kunywa chai na biskuti,*
*ufunguo wa jenereta kaubeba kwenye suti.*
*Muuguzi kashika tochi kwa meno,*
*glavu jozi moja, wazazi watano.*

Mikono ya Sikudhani ilikuwa inasuka.

*Daftarini wameandika amehamishwa.*
*Siwema, shoga yangu, hukuhamishwa. Ulikwisha.*

Mikono ilisimama. Mama Kidawa hakugeuka. Alisubiri huku shungi moja la nywele zake likiwa limeshikwa katikati, halijafungwa.

"Tochi kwa meno," alisema Sikudhani mwishowe. "Mimi nilikuwa nje kwenye benchi. Nilidhani wana taa."

"Shoga."

"Hakuna aliyeniambia habari ya tochi."

"Tuache? Tuandike tu kwamba tumesikiliza mara tatu."

"Wataniuliza." Akaanza kusuka tena. "Irudie."

Waliusikiliza mara tatu, kama Serikali ilivyotaka. Kisha Sikudhani akachukua kalamu, akasoma maneno yaliyoandikwa na Mwalimu wa Masikio, kidole kikitangulia, akapiga mstari chini ya neno "matako". Akatafuta jingine. Hakuliona.

*

Ijumaa alipeleka fomu. Alipokelewa na karani aliyeitwa Bwana Shomvi, kijana mpole, aliyekuwa na dirisha dogo na muhuri mkubwa. Aliitazama fomu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mama, hapa umeanguka."

"Nimekosea wapi, mwanangu?"

"Umepiga mstari kwenye matako."

"Si neno chafu?"

"Ni chafu, lakini dogo. Matako, mama yangu, tunayo sote, hata Wizarani. Hilo ni daraja la kwanza." Akatoa karatasi, akaiweka kwenye dirisha. Ilikuwa ngazi ya uchafu, imechorwa vizuri, yenye madaraja kumi. La kwanza viungo vya mwili. La pili yanayofanywa na viungo hivyo. La tatu pombe. Yakapanda hivyo hivyo. La saba lilikuwa bei ya unga. La nane barabara, maji na umeme. La tisa ofisi yoyote kutajwa kwa jina au kwa cheo. La kumi lilikuwa limefutwa kwa wino mweusi.

"La kumi ni lipi?"

Bwana Shomvi alitazama kushoto na kulia. "Watu waliokufa," alinong'ona. "Wale ambao hawakufa."

Akachukua kalamu nyekundu, akamsaidia. Alipiga mstari chini ya semina, chini ya ufunguo, chini ya jenereta, chini ya tochi na glavu na daftari. Alipofika mstari wa mwisho akaupigia mistari miwili. Neno "matako" akalifutia mstari wake, likabaki safi.

"Jumanne mbele ya Bodi," alisema. "Utasoma mstari mmoja mmoja kwa sauti, na kila ukimaliza mstari unasema, 'Huu ni uchafu, naukana.' Mara saba. Ni kazi ya dakika tano."

"Mwanangu, huyu Siwema wa kwenye wimbo—"

"Mama," alisema Bwana Shomvi, akaziba masikio kwa vidole viwili. "Mimi nina hati yangu. Usiniharibie."

Jumamosi Sikudhani hakulala wala hakula. Jumapili alikwenda kwa mwalimu mkuu, akapiga magoti, mwalimu mkuu naye akapiga magoti, akamwomba aondoke kabla hawajaonekana. Jumatatu alikwenda kwa Binti Msasa kuuliza kama jina la Siwema kwenye wimbo linaweza kubadilishwa, likawa jina lolote, Zaituni, Mashavu, lolote. Nyumba ilikuwa imefungwa. Majirani walisema na yeye amehamishwa.

Jioni hiyo Mwantumu alimkuta amekaa jikoni mbele ya jiko lisilo na moto.

"Mama, mtihani upo na mwakani."

"Mwakani wataanzisha sheria nyingine."

"Basi nisiufanye. Si lazima."

Sikudhani alimtazama. Alitaka kusema maneno mengi. Alitaka kusema kwamba yeye aliishia la nne, na Siwema la saba, na kwamba kila mmoja alimbeba mwenziwe hatua chache, na sasa zamu ilikuwa yake huyu. Lakini sauti yake ilikuwa ndogo, na maneno yale makubwa.

"Utaufanya," alisema.

*

Bodi ilikaa ukumbini, watu watano nyuma ya meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Wote walikuwa wamevaa kola ngumu shingoni, zile za hospitali wanazovaa waliovunjika. Hii ni kwa sababu mwezi wa kwanza wa kazi ilionekana kwamba Bodi, ikisikiliza nyimbo chafu, hutingisha vichwa kufuata ngoma. Waziri alisikitika sana, akaagiza kola kutoka nje ya nchi. Tangu hapo hakuna kichwa kilichotingishika, ila miguu chini ya kitambaa haikuwa na kanuni.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Bwanakheri, sheha mstaafu, mtu mwenye adabu zake. Mbele ya meza palikuwa na kipaza sauti. Waya wake ulitoka dirishani hadi kwenye spika iliyofungwa nje, juu ya ukuta, ili wazazi waliosubiri kwenye foleni wasikie na kujifunza. Mtoto mwenye kosa alitakiwa asimame chini ya spika hiyo, amsikie mzazi wake akikana. Mwantumu alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi, mgongo dirishani. Foleni ilikuwa ya wanawake zaidi ya sitini, Mama Kidawa akiwemo, maana mwanawe naye alikuwa ameimba kitu akioga.

"Soma, mama," alisema Mzee Bwanakheri. "Sauti ikitoka vizuri, mambo yanakwisha vizuri."

Sikudhani alikisogelea kipaza sauti. Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Mganga mkuu, matako yamejaa kiti."

Nje, mtu mmoja alicheka.

"Huo unaweza kuuacha," alisema Katibu, mwanamke kijana mwenye miwani. "Ni daraja la kwanza. Lakini ukiukana si vibaya."

"Huu ni uchafu, naukana."

Akasoma semina na chai na biskuti, akakana. Akasoma ufunguo wa jenereta kwenye suti, akakana. Hakuwahi maishani mwake kusikia sauti yake ikiwa kubwa hivyo. Ilitoka nje, ikagonga ukuta wa pili, ikarudi. Aliposoma tochi na meno, vicheko vya nje vilikuwa vimekwisha. Aliposoma glavu jozi moja, wazazi watano, hakikusikika hata kikohozi.

"Huu ni uchafu, naukana."

"Vizuri sana," alisema Mwenyekiti. "Unakana vizuri kuliko wa jana."

Akasoma daftari, akakana. Ukabaki mmoja. Kidole kilifika kwenye neno la kwanza, kikakaa.

"Siwema," alisoma.

Wakangoja.

"Siwema, shoga yangu, hukuhamishwa. Ulikwisha."

"Endelea, mama."

Sikudhani aliwatazama, watu watano na shingo zao zisizogeuka. "Waheshimiwa, huu siwezi. Ile mingine nimeikana. Huyu nilimzaa."

Mwenyekiti alisikitika kwa dhati. "Sita kwa saba si saba," alisema. "Mtoto wako mtihani ni kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Katibu, hakuna namna ya kumsaidia huyu mama?"

Katibu alifungua kitabu cha sheria, akapeleka ukurasa mbele, akarudisha nyuma. Alikuwa mwema. Hata uso wake ulichangamka alipopata.

"Ipo. Kifungu cha tisini na sita. Mzazi akishindwa kuukana mstari, anaruhusiwa badala yake kumkana aliyetajwa. Yaani, mama, huna haja kabisa ya kusema mstari ni uchafu. Unajaza tu idadi ya watoto uliozaa. Ukiandika mmoja, basi huyu wa kwenye wimbo hakuhusu, na mstari unakuwa wa watu wengine huko."

"Lakini nimezaa wawili."

"Ndiyo maana tunakusaidia."

Wakampa karatasi. Ilikuwa ndogo, yenye mstari mmoja wa kujaza. Alishika kalamu. Kupitia dirishani aliona kisogo cha Mwantumu chini ya spika, na nywele alizomsuka mwenyewe Jumapili kwa ajili ya mtihani, mistari kumi na miwili imenyooka. Kisha akaandika, herufi moja moja.

"Isome, mama, kwa kumbukumbu," alisema Katibu, akamsogezea kipaza sauti.

"Idadi ya watoto," alisoma Sikudhani. "Mmoja."

Bwana Shomvi, aliyekuwa ameketi pembeni ya meza, akagonga muhuri.

*

Alipotoka nje, hati mkononi, hakuna aliyekuwa kwenye foleni. Wanawake wote walikuwa wamesogea mlangoni, wanamngoja. Mama wa mtu aliyehamishwa hapewi mkono wa pole, na kwa miaka miwili hakuna aliyempa. Sasa Mama Kidawa alitoka mbele ya wenzake, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama watu wanavyoshikana msibani.

"Pole," alisema.

Mwanamke wa pili, ambaye hawakufahamiana, akasogea. Naye akashika mkono. Alikuwa mtu wa makamo kutoka mtaa mwingine, na akauliza vile watu wanavyouliza siku zote, kwa sauti ya chini na bila nia mbaya.

"Marehemu alikuwa nani wako?"

Sikudhani aligeuka. Dirisha la ukumbi lilikuwa wazi. Bwana Shomvi alikuwa ameegemea hapo, anapunga upepo kwa fomu, na wino wa hati ulikuwa bado unang'aa. Mwantumu alikuwa hatua nne kutoka hapo, anamtazama mama yake mdomoni.

"Jirani," alisema Sikudhani. "Mtoto wa jirani."

Yule mwanamke alimtazama, akatazama dirisha, akaelewa. Akaukaza mkono.

"Basi pole, jirani," alisema.

Wakapanga foleni upya, sasa si ya Bodi. Walipita mmoja mmoja, wengine wakilia waziwazi, wengine wakimgusa bega tu, na kila mmoja alisema maneno hayo hayo mawili na kusogea mbele. Pole, jirani. Pole, jirani. Sikudhani aliitikia, "Nimeshapoa," mpaka sauti yake ikakatika, kisha akawa anaitikia kwa kichwa tu.

Mwantumu alikwenda akasimama mwisho wa foleni, nyuma ya watu wote. Alisogea waliposogea. Zamu yake ilipofika alichukua hati, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa sketi ya shule. Kisha akanyoosha mkono, kama wenzake.

"Pole, jirani," alisema.